Witnesseth Kwenye Mkataba Wangu wa Pango

Mimi si mtu wa kugombana na maneno. Nagombana na konda, nagombana na dalali, na LUKU ikikata usiku wa manane nagombana na ukuta. Lakini kuna neno moja la Kiingereza limehamia kwangu bila kubisha hodi. Limekaa katikati ya ukurasa wa kwanza wa mkataba wangu wa pango, herufi kubwa tupu, wino umekolezwa, mstari chini: WITNESSETH. Halilipi kodi, halichangii maji, mtaa mzima hakuna anayelijua, na bado lina heshima kwenye ile karatasi kunishinda mimi niliyetoa hela.

Siku ya kusaini tulikaa barazani kwa mama mwenye nyumba: yeye mwenyewe, dalali, mjumbe na mimi. Kiingereza chetu sote ukikichanga hakijai kibaba. Mama ni mtu wa Tanga, Kiswahili chake ni kile cha kumtoa nyoka pangoni, na kwa Kiswahili hichohicho tulishamaliza kila kitu kabla chai haijapoa. Kodi ya miezi sita mbele. Maji tunachangia. LUKU kila mtu na ya kwake. Wageni walale, wasihamie. Dalali apate kodi yake ya mwezi mmoja, ambayo mpaka leo sijaelewa ni malipo ya kazi gani, kwa kuwa kibao cha "Nyumba Inapangishwa" nilikiona mwenyewe.

Ndipo dalali akachomoa karatasi kwenye bahasha ya kaki. Ukurasa hadi ukurasa, Kiingereza. Mama akaishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akairudisha.

"Mama, wewe weka sahihi huku mwisho," dalali akamwelekeza. "Mzee mjumbe, wewe ni shahidi, unasaini hapa." Kidole chake kikatua juu ya WITNESSETH. "Si unaona, mzee? Witines. Shahidi. Hizi herufi za mwishoni ni kwa vile mashahidi ni wengi."

Mjumbe ni mstaafu, mtu wa utaratibu. Akavaa miwani, akasaini palepale, kwenye kijinafasi kati ya neno lile na kifungu cha kwanza. Sahihi yake ni ya watu wa zamani, ina mikia na vitanzi, ikateremka mpaka ikafunika kifungu chenyewe, ambacho ndicho kinachosema upangaji unaanza lini na unakwisha lini. Hadi hivi ninavyoandika, muda wangu wa kukaa kwenye nyumba ile uko chini ya mkia wa jina la mjumbe.

"Na hili neno ni la nini, baba?" mama akamuuliza dalali.

"La kisheria hilo, mama. Bila hilo mkataba haushiki."

Hapo ndipo aliponikera. Bei ya chumba anaweza kunidanganya, ndiyo kazi yake. Lakini kutangaza kwamba makubaliano ya watu wazima wanne hayashiki mpaka kipatikane kineno ambacho yeye mwenyewe anadhani ni wingi wa shahidi, hilo lilinipeleka kulichimba. Na nililolikuta linakera zaidi.

Kwanza, neno lenyewe ni kitenzi cha kawaida kabisa. Maana yake ni "unashuhudia". Imekwisha. Ule mkia wa -eth ni kiambishi ambacho Waingereza wa kale walikibandika mwishoni mwa kitenzi pale anayetenda alipokuwa mtu wa tatu, umoja, wakati uliopo; kazi ambayo leo inafanywa na herufi s peke yake. Palipo na speaks walikuwa na speaketh. Hamna mashahidi wengi mle, hamna amri, hamna uchawi. Shina lake la mbali, wit, lilihusu kujua. Witness ilianza kwa maana ya ujuzi wa jambo, ikawa ushahidi wa jambo, mwishowe ikamwangukia yule mtu anayelijua jambo na kuja kulisema.

Na kwa kuwa ni kitenzi, lazima kiwe na kiima. Nilikitafuta kiima chake. Kiko mstari wa kwanza kabisa: "This Agreement". Baina ya kiima na kitenzi vimesukumiwa tarehe, jina la mama, sanduku lake la posta, maelezo kwamba mama maana yake pia ni warithi wake, jina langu, sanduku langu la posta (sina, nimeandikiwa la duka la steshenari), maelezo kwamba mimi nami nina warithi, kisha vifungu viwili vya "whereas" vinavyoeleza kwamba mama ana nyumba na mimi naitaka, jambo ambalo hata kuku wa pale uani walishalijua. Kitenzi kinapowasili, kiima kimeshasahauliwa. Ndiyo maana watu wanakiona pale kati wanadhani ni kichwa cha habari.

Sasa umri wake. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, huko London -eth na -s zilikuwa zinatumika pamoja, na Shakespeare alizichanganya alivyopenda. Hiyo s ilitoka kaskazini mwa Uingereza, ikateremka polepole mpaka ikaliteka jiji. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ikaing'ang'ania -eth, na hapo ndipo ilipopata harufu ya utakatifu. Hata leo mhubiri akitaka Kiingereza chake kipae, anakimwagia -eth na thou. Lakini mitaani mambo yalikuwa yamekwisha. Mwaka 1643 mwalimu wa shule mmoja, Richard Hodges, alitoa kitabu cha tahajia akieleza waziwazi kwamba watu wanaandika leadeth na maketh, ila wakisoma wanatamka leads na makes.

Mwaka 1643! Wenyewe, kwao, mdomoni hawakuwa na mkia huo tena, umebaki kwenye karatasi tu. Zanzibar haijatawaliwa na Waomani bado. Halafu mimi naletewa mkia huo barazani, naambiwa bila huo sina nyumba.

Neno lenyewe nitalitendea haki kidogo, maana lilikuwa na sababu ya kuwepo. Zamani hati za Uingereza za namna hii ziliitwa indenture, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini la jino. Makubaliano yaliandikwa mara mbili kwenye kipande kimoja cha ngozi, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mstari wa meno-meno. Huyu akachukua nusu yake, yule nusu yake. Ukizuka ugomvi, nusu mbili zinaletwa na kukutanishwa: meno yakiumana, hati ni ya kweli, yasipoumana, mtu ameghushi. Hapo karatasi ilikuwa inashuhudia kwelikweli, tena bila kiapo. Kwa jina hilohilo la indenture iliendelea kuitwa mikataba ya vibarua hata baada ya meno kuachwa, na ndiyo mikataba iliyowaleta Wahindi wapatao 32,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Mkataba wangu umekatwa na mashine ya steshenari, pembe nne zimenyooka. Ni kibogoyo. Unashuhudia kwa meno gani?

Kwa nini basi mawakili hawakuliacha? Mtu anayeishi kwa maneno hatupi neno. Mawakili wa Uingereza wana historia ndefu ya kung'ang'ania lugha ambayo mteja haijui. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, mahakama za mfalme zikaja kuzungumza Kifaransa, na kumbukumbu zikaandikwa Kilatini. Mwingereza wa kawaida anashtakiwa, anatetewa na anafungwa kwa lugha asiyoisikia. Karne zikapita. Mwaka 1362, enzi za Edward wa Tatu, ikatungwa sheria kuamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza kwa kuwa Kifaransa watu hawakifahamu. Na sheria hiyo ya kuamuru Kiingereza imeandikwa kwa lugha gani? Kifaransa. Kumbukumbu zikaendelea na Kilatini chake, zikasubiri sheria nyingine iliyoanza kazi mwaka 1733.

Katika kuhangaika huko ndipo walipozoea kuweka neno la Kiingereza na la Kifaransa bega kwa bega, wasije wakakosa. Goods ni neno lao, chattels limetoka Kifaransa, yote mawili ni mali za mtu. Nimeyakuta kwenye kifungu cha mkataba wangu kinachohusu mpangaji asiyelipa: vitachukuliwa "goods and chattels" vyake. Nina kitanda, jiko la gesi na feni inayolalamika. Vimetajwa mara mbili, basi nikishindwa kodi sijui vitabebwa mara mbili.

Kuna waliojaribu kuwakomesha. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1596, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, kesi ya Mylward na mwenzake kwenye mahakama ya Chancery. Mtoto wa mdai, Richard Mylward, aliandika majibu ya kesi kwenye karatasi 120. Mahakama ikaona yote yale yangeenea kwenye karatasi 16. Hukumu yake ilikuwa hivi: mkuu wa gereza la Fleet ampeleke Richard kwenye ukumbi wa Westminster, mahakama zikiwa zinaendelea na kazi, alitoboe lile rundo la karatasi tundu katikati, apenyeze kichwa cha Richard kwenye tundu hilo, maandishi yakiwa upande wa nje, amzungushe ukumbi mzima kichwa wazi, amwonyeshe mbele ya kila mahakama, kisha amrudishe gerezani mpaka alipe faini ya pauni 10, na mdaiwa naye afidiwe usumbufu wake.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi nikiwa na huzuni. Namfikiria wakili aliyetunga kiolezo cha mkataba wangu akipitishwa Kariakoo saa sita mchana na kurasa nne shingoni. Nne ni chache, tundu lisingemtosha kichwa, lakini nia ingeonekana.

Maneno haya yalitufikiaje? Kwa meli na kwa amri. Sheria zetu zinaitaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa ndiyo siku ambayo sheria za Uingereza zilipokelewa Tanganyika. Kwa Kenya ni 12 Agosti 1897. Tulipokea kanuni za haki na za mikataba. Hakuna kifungu kinachosema tupokee na -eth.

Usidhani pia kwamba siku hizi kuna wakili anayekaa kitako akaunda sentensi hizi. Mkataba unazaliwa steshenari. Nilikwenda pale ulipopigiwa chapa. Dada wa kompyuta analo faili moja linaloitwa "mkataba nyumba mpya FINAL 2". Akija mteja anabadilisha majina, anabadilisha kiasi, anatoa nakala, na wakili atagonga mhuri baadaye huko alipo. Wakati mwingine hambadilishi kila mtu. Kwenye ukurasa wangu wa tatu bado yumo mpangaji aliyenitangulia, na ni yeye, siyo mimi, aliyeahidi kutofuga mbwa. Mama mwenye nyumba, bibi wa wajukuu, kaandikwa "his". Ukiuliza, unajibiwa kwa upole: "Kaka, hii ndiyo wanayoitumia wote."

"Huna ya Kiswahili, dada?"

Anayo. Kumbe anayo, iko faili la pili tu! Haulizwi. Wateja wanaona ya Kiingereza ndiyo nzito. Akanitolea nakala, mia mbili kwa ukurasa, nikaipokea nikidhani nimeokoka. Ukurasa wa kwanza, katikati, herufi kubwa, mstari chini: "HIVYO BASI MKATABA HUU UNASHUHUDIA KAMA IFUATAVYO".

Nikaketi kwenye benchi la nje.

Wamemtafsiri mzimu. Chini yake vifungu kumi na kitu, kila kimoja kinaanza na "Kwamba". Kwamba mpangishaji amekubali. Kwamba mpangaji atalipa. Kwamba choo kitatumiwa kwa usafi. Ukiishika ile karatasi ukasoma kifungu cha saba peke yake, "Kwamba endapo mpangaji atachelewesha kodi," unabaki unangojea nani kasema. Kasema yule kitenzi wa ukurasa wa kwanza. Vifungu vyote vimening'inizwa kwake kwa "kwamba". Kiswahili gani hicho? Bibi yangu akikukopesha debe la mahindi hasemi kwamba utalirudisha wakati wa mavuno. Anasema utalirudisha wakati wa mavuno, na utalirudisha.

Na wakati sisi tunamtafsiri, Waingereza wenyewe wanamfukuza wa kwao. Aprili 1999 mahakama za madai za Uingereza na Wales zilianza kutumia kanuni mpya, na maneno kadhaa ya kale yakaonyeshwa mlango. Plaintiff akawa claimant. Writ ikawa claim form. Subpoena, Kilatini cha kutisha watu, ikawa witness summons. Mbingu hazikuanguka, wezi hawakuachiwa, na mawakili wa London hawajafa njaa. Ukienda na "plaintiff" wako kwenye mahakama zao za madai leo utaonekana umetoka kwenye makumbusho. Huku kwetu ukiliacha neno hilo utaonekana hukusoma.

Turudi kwa dalali na "mkataba haushiki". Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 10, inataka wahusika wawe wamekubaliana kwa hiari yao, wawe watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kuwe na malipo halali na lengo halali. Nimekipitia neno kwa neno. -eth haimo. Kifungu cha 13 ndicho kitamu zaidi: watu wanahesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana jambo lilelile kwa maana ileile. Maana ileile! Mimi nilielewa "unashuhudia", dalali alielewa "mashahidi wengi", mjumbe alielewa "saini hapa", na mama hakuambiwa. Kama kuna kitu kinachoweza kuufanya mkataba ule usishike, ni hilo neno lililowekwa ili ushike.

Na tusisingizie kwamba lugha yetu haitoshi. Mahakama za mwanzo zimesikiliza kesi za ndoa, mashamba, mirathi na ng'ombe kwa Kiswahili miaka nenda rudi. Mwaka 2021 Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikaachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Kama jaji anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, choo cha kuchangia kinashindwaje kuandikwa?

Waheshimiwa mawakili, mhuri gongeni, ada chukueni, hatuna kinyongo. Ila andikeni hivi: "Mpangishaji na mpangaji wamekubaliana yafuatayo." Halafu yatajeni yafuatayo, moja moja, bila "kwamba". Na wewe mpangaji mwenzangu, miezi sita ikiisha ukaletewa karatasi mpya, omba ya Kiswahili. Iko faili la pili. Palipoandikwa "mkataba huu unashuhudia", kata kwa kalamu, andika "tumekubaliana", wewe na mwenye nyumba mtie sahihi pembeni. Ni halali.